Mbwa Hula Jina Lake

Nilipokuwa mtoto, pale Igalula, nyumbani kwetu mbwa hakupewa jina zuri. Mbwa wa kwanza ninayemkumbuka aliitwa Njaa, na baada yake akaja Kikohozi. Bibi yangu mzaa baba, ambaye ndiye aliyenilea, aliamini kwamba mbwa hula jina lake. Ukimwita kila siku naye akaitika kwa mkia, anakuwa analimeza kidogo kidogo, mpaka siku moja kitu chenyewe kinakwisha nyumbani. Kwa hiyo unampa kile unachotaka kiondoke. Njaa alikufa kwa kuvimbiwa, mwaka ambao mahindi yalikuwa mengi. Kikohozi aliletwa kwa ajili ya kifua cha babu, na ni kweli, babu hakukohoa tena. Aliumwa na nyoka, akazikwa na mapafu safi.

Hapo huwa watu wanacheka. Walicheka Lubumbashi nilipokuwa nauza vitenge, wakacheka Muscat nilipokuwa napika kwenye majiko ya watu, na waume zangu wawili walicheka kila mmoja kwa zamu yake, kabla hatujachokana. Mimi ni hodari wa kuchekesha. Huwa naishia hapo kwenye mapafu, nakusanya kicheko changu, naondoka. Sehemu inayofuata sijapata kumsimulia mtu.

Mama aliondoka nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa Sikonge kwenye tumbaku, na alipokuja nyumbani walikuwa wakigombana mpaka kuku wanahama uani. Siku moja mama akapanda treni ya Kigoma na begi moja, akaniambia anakwenda kumsalimia dada yake. Akanipa nusu ya andazi lake, nusu nyingine akabaki nayo mkononi. Kwa akili yangu ya mtoto nilielewa kwamba mtu aliyegawana nawe andazi hawezi kukaa mbali siku nyingi.

Bibi alikuwa akiuza karanga za kuchemsha stesheni. Kila treni iliyotoka Kigoma niliipitia behewa kwa behewa nikitazama juu madirishani. Abiria walidhani nauza kitu. "We mtoto, una nini?" waliniuliza. Sikuwa na kitu.

Sasa lazima nikueleze juu ya H ya bibi. Usiwasingizie Wanyamwezi wote, maana majirani zetu waliitamka vizuri kabisa. Ugonjwa ule ulikuwa wa bibi peke yake. H kwake ilikuwa kama kuku wa kienyeji: ipo, ila huikuti pale ulipoiacha. Alisema "abari za hasubuhi." Alisema "hasante" na "heleza" na "apana." Mimi, niliyekuwa nimeanza darasa la kwanza na kujiona mkaguzi wa elimu, nilimsahihisha mchana kutwa, naye aliniachia.

"Ni asante, bibi. Asante!"

"Ndiyo iyo iyo, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyoniita kwa utani. "We si umeelewa?"

Mchana mmoja, treni ya kutoka Kigoma ikiwa imesimama, mwanamke aliyevaa kilemba cha kijani alimwita bibi dirishani. Nilikuwa behewa la mbali, nikawaona tu wakizungumza. Nilikimbia, lakini treni ilipiga honi na kuanza kujivuta. Nilipofika, kilemba cha kijani kilikuwa kinakwenda zake. Bibi alikaa chini kando ya beseni lake la karanga.

"Yule mama anakaa nyumba moja na mama yako," alisema.

"Kasemaje?"

Bibi aliokota karanga moja, akaimenya, asiile.

"Mama yako anakusalimu. Anasema hatarudi."

Nilisimama kidogo nikilitafuta lile neno. Kisha nikacheka kicheko ambacho hata sasa, nikikikumbuka, natamani mtu angeniziba mdomo. "Bibi! Ni atarudi! A! Siyo ha!"

Alinitazama. Halafu akainama kuweka sawa beseni ambalo lilikuwa limekaa sawa.

"Hasante kwa kunifundisha," akasema.

Wiki ile ile fundi mmoja wa reli alitupa kitoto cha mbwa, cha rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Sikumsubiri mtu. Nilikibeba nyuma ya nyumba, nikakiita mara tatu: Atarudi, Atarudi, Atarudi. Kikatikisa mkia. Nikaenda kumtangazia bibi.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alishika mwiko kama anayetaka kunipiga, kisha akauweka chini.

"Nani kakwambia umpe mbwa neno jema? Neno unalolitaka usimpe mbwa! Atalila lote!"

"Nimeshamwita mara tatu, na ameshaitika."

"Basi limeshuka tumboni," alisema bibi kwa sauti ndogo. "Jina alitapikwi."

"Ni halitapikwi," nikamwambia.

Usiniulize kwa nini sikuogopa. Nadhani niliogopa. Lakini lile jina lilikuwa linanipa ruhusa ya kupaza sauti. Mtoto hawezi kusimama barabarani na kupiga kelele kwamba mama yake atarudi. Watu watamwonea huruma, na hakuna kitu kibaya kama kuonewa huruma na watu wanaokudai ukawachotee maji. Lakini mbwa unaweza kumwita hadharani, kwa mapafu yako yote, na hakuna wa kukuuliza.

Asubuhi iliyofuata bibi alichukua kigae akaenda kuomba moto kwa Bi Zuhura. Nikashangaa, maana jikoni kwetu moto ulikuwa unawaka. Bi Zuhura alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Tabora mjini, Mswahili wa kusoma Kurani chuoni, na hakuruhusu mbwa wetu akaribie hata kivuli cha nyumba yake. Bibi alikwenda asubuhi hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata, karibu wiki nzima. Nikiwa uani kwetu niliwasikia nyuma ya ua wa Bi Zuhura wakipuliza: ha, ha, ha. Nikajua kuni za Bi Zuhura ni mbichi.

Baada ya hapo bibi naye akaanza kumwita mbwa. Jioni, wakati jua linashuka kwenye miti ya stesheni, alisimama mlangoni, akavuta pumzi na kuita: "Hatarudi! Hatarudi wee!" kwa H kubwa, nzito, kama mtu anayepuliza taa.

"Bibi, unakosea jina la mbwa wangu!"

"Ulimi wangu mzito, mke mwenzangu. Niache ivyo ivyo."

Watoto wa jirani walimwiga, na mimi, msaliti, niliwaongoza. Mbwa hakujali. Alikuja kwa majina yote mawili na mkia ule ule. Hivyo kila jioni tuliita, mimi huku na bibi kule, Atarudi, Hatarudi, na asiyetujua angedhani nyumba ile ina kesi isiyokwisha.

Mama hakurudi. Kilemba cha kijani nacho hakikupita tena, wala haukuja ujumbe mwingine. Mbwa alizeeka, akafa nikiwa sekondari mjini, na bibi akamzika mwenyewe kabla sijafika. Miaka mingi baadaye nilikwenda Kigoma, nikaonyeshwa nyumba ambayo mama alikuwa amepanga. Aliyekuwepo aliniambia huyo mama alihama zamani. Nilinunua dagaa, nikarudi. Kwa watu nilisema nilikwenda kununua dagaa.

Bibi alifariki nikiwa Muscat, na nilifika matanga yameshavunjwa. Nilikwenda kwa Bi Zuhura kushukuru, maana ndiye aliyemuuguza. Alikuwa mzee tayari, haoni vizuri, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa yule mbwa?"

Nimezunguka dunia, nimevuka bahari, na bado mimi ni wa yule mbwa. Nikacheka. Nikamkumbusha jinsi bibi alivyoshindwa kulitamka jina la mbwa huyo maisha yote.

Bi Zuhura hakucheka.

"Alishindwa nani? Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Ulimfundisha nini?"

"Hiyo H! Sisi tuliosoma chuoni tunazo mbili, moja ya kifuani na moja ya kooni. Bibi yako masikini hakuwa na hata moja ya uhakika. Alikuja hapa na kigae chake, ananiambia, 'Zuhura, mtoto kampa mbwa neno jema. Mimi nataka nimlishe baya, alile liishe. Lakini nikilikosea, nitakuwa namsaidia kulila lile la mtoto.' Nikamwambia, basi puliza kama unachochea moto. Wallahi alipuliza mpaka majivu yakanijaa machoni. Siku sita! Mimi, ambaye mbwa akinigusa najiosha mara saba, nikakaa hapa nafundisha jina la mbwa."

Nilimuuliza kwa nini bibi hakuniambia tu. Bi Zuhura alipapasa ukingo wa kanga yake.

"Alikwambia, mwanangu. Alikwambia pale stesheni. Wewe ndiye uliyecheka."

Nilitoka kwake mchana kweupe na sikujua pa kwenda, katika kijiji ambacho huwezi kupotea hata ukijaribu. Yaani katika H zote za bibi yangu, moja tu aliiweka mahali pake bila kufundishwa na mtu, na mimi nikamsahihisha. Na baada ya hapo alikubali kuchekwa kila jioni, miaka na miaka, ili mbwa apate kulila lile neno.

Siku hizi nimerudi kukaa Igalula, katika nyumba ile ile niliyoiezeka bati. Sijui kama naamini. Nikiwa na watu siamini. Nikiwa peke yangu nafikiri hivi: yule mbwa tulimlisha wawili, naye alikula yote mawili bila upendeleo. Ndiyo maana mama hakurudi, na ndiyo maana hakuja mtu mwingine kuniambia kwamba hatarudi. Nilibaki katikati, na katikati pale ndipo nilipokulia. Si mahali pabaya sana. Kuna upepo.

Juzi nimepewa kitoto cha mbwa. Watoto wa jirani wanataka nikiite Simba au Jeki, na wananiuliza kila siku, "Mama mkubwa, jina bado?" Nawaambia bado nafikiri. Nimepitia mambo yote ninayotaka yaondoke, na yale machache ninayotaka yaje, na sina moja ninaloweza kulikabidhi tumbo lake.

Jioni ikifika nasimama mlangoni, navuta pumzi, napuliza kama mtu anayechochea moto: ha.

Kinakuja mbio.