Upinde Uliomshinda Bagayo

Kule bonde la Yaeda kila mwanaume wa Kihadzabe hujichongea upinde wake, maana asiyejua kuchonga atakula kwa jasho la nani? Lakini hata mafundi, mikono ya upinde ikiwakataa, ule wa juu mgumu na wa chini umelegea, walimpelekea Endeko. Endeko alikwangua mti kwa kisu, akaupaka mafuta ya nyama, akaupitisha juu ya makaa, kisha akaubana kwa meno na kuukunja taratibu mpaka pande zote mbili zivutike sawa. Hakuwa na maringo. Kosa lake lilikuwa moja: akikuhurumia hakuulizi.

Baba yake, Bagayo, alikuwa na upinde mgumu kuliko yote kambini. Nyati walianguka kwa upinde ule, na kila mtu alijua. Basi kiangazi kimoja Endeko akamkuta baba yake nyuma ya kichaka, peke yake, anauvuta. Ugwe, ile kamba ya upinde, haukufika hata kidevuni. Mzee wa watu akauachia, akajifanya anakagua ugwe. Endeko akarudi kimyakimya, moyo unamuuma kweli.

Kesho yake wanaume walikuwa kwenye kamari ya kushindania mishale, na Bagayo yuko huko anamtukana kila aliyemshinda. Endeko akauchukua upinde. Ili ulegee, akakwangua upande wa ndani wa mkono wa juu, kidogo tu, akakwangua na wa chini, akapima kwa jicho, akarudia. Pale mti ulipobaki mweupe akapaka majivu na mafuta. Lo, kazi safi! Hata ungeushika usingejua.

Asubuhi Bagayo akavuta, ugwe ukafika shavuni.

"Wee mama Endeko! Njoo umwone mumeo!"

"Namwona kila siku, leo kaota mkia?" akajibu Nange, mkewe, huku anageuza mizizi motoni.

"Na nyie vijana! Si mlisema nimebaki wa kulinda moto? Leo mtameza mate mpaka yawakauke!"

Endeko akacheka pamoja na wengine. Alifurahi, jamani, tena akajisifu moyoni.

Bagayo akaenda peke yake kuvizia penye dimbwi la maji. Tandala dume akaja kunywa, akasimama umbali ambao upinde ule haukuwahi kushindwa. Bagayo akaachia. Mshale ukamgonga ubavuni, ukaning'inia kwenye ngozi, ukadondoka. Mnyama akaenda zake, sumu yote imebaki kwenye chembe cha mshale.

Alirudi jua likiwa kali, hakumsalimia mtu. Akaketi mbele ya mwanawe, akapitisha kidole gumba juu ya mti polepole, akafika palipokonda, akakisimamisha.

"Ni wewe."

"Baba, nilikuona unahangaika. Nikasema nikusaidie."

"Kwani mimi sikujua nimezeeka? Mpumbavu wewe! Ndiyo maana nilijificha. Ningechoka kujificha, ningekuja hapa mwenyewe niwaambie wote, upinde umenishinda. Wangecheka, nami ningecheka. Upinde wa Bagayo umemshinda hata Bagayo! Hiyo si sifa?"

Endeko alitamani ardhi ipasuke aingie. "Nitakuchongea mwingine, baba. Mgumu vilevile."

"Chonga. Utakuwa wako huo." Bagayo akauweka ule wa zamani chini, upande wa mwanawe. "Wangu ulikuwa huu. Sasa hata mtoto atauvuta, na atasema baba yako alikuwa mwongo."

Mti ukishakwanguliwa, haurudishiwi. Endeko alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

Bagayo hakwenda tena porini. Masika yalipokuja akafa, naye Endeko hakuwa amempata hata siku moja akiwa mchangamfu ili amwombe radhi. Mpaka leo watu wanamletea pinde zao, naye anachonga vizuri kuliko zamani. Ukimsifu hujibu kwa sauti ya chini, "Laiti ningemwacha ajifiche."