Mwinjilisti Aliyetufungia Mlango

Nilirudi Mwakitolyo msimu huu wa mavuno, baada ya miaka mingi ya kutafuta visingizio. Nilishuka Tinde, nikapanda bodaboda. Pale palipokuwa mji wetu, nyumba na ua wa bibi uliozungushiwa minyaa, sasa kuna shimo la wachimbaji, na pembeni yake karasha linasaga mawe kutwa nzima. Nilisimama ukingoni, na hofu iliyonishika haikuwa ya shimo.

Ngoja nikueleze, maana wewe hukuwapo.

Wazazi wangu walikuwa Geita wakitafuta dhahabu, kwa hiyo nililelewa na bibi mzaa mama. Alipikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, kwenye kijumba kisicho na dirisha, na moshi ule ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Mimi niliyaona mazuri tu. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyoanikwa juani, aliyoichemsha na kuichanganya na karanga. Jioni ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yenye uchungu kidogo. Jumamosi tulikwenda kusiriba sakafu ya kanisa kwa udongo na samadi, mikono ikinuka mpaka Jumapili wakati wa nyimbo.

Mwinjilisti wetu alikuwa kapera aliyetoka mbali. Alikula kwetu mara nyingi hata bibi akawa anamwekea sahani bila kuuliza. Alimwita bibi "mama". Bibi alipenda kuniambia, "Huyu akiwa jirani yetu, sisi hatuna la kuogopa."

Kisha mtoto wa mama jirani akashikwa na homa, akafa. Ndugu za mumewe walikwenda kwa mpiga ramli, wakarudi wamenyamaza. Hakuna aliyetuambia kitu. Lakini kisimani wanawake walianza kuvuta ndoo zao bibi akifika. Nikisema shikamoo, watu wazima walitazama pembeni, na ile marahaba haikuja. Watoto wenzangu waliacha kucheza nami, na mmoja akaninong'oneza, "Bibi yako ana macho ya moto, macho ya mchawi." Nilianza kulala nimeshika kanga ya bibi, nikisikiliza kila jani linalodondoka. Naye alikuwa macho. Nilijua kwa namna alivyopumua.

Siku yenyewe ilikuwa jioni, ng'ombe wanarudi, vumbi limetanda. Bibi aliwaona wanakuja kupitia shamba la mtama, wanaume wakiwa na mapanga. Alinishika mkono tukakimbia. Sikujua kwamba bibi anaweza kukimbia. Tulikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mwinjilisti, na tulimkuta amesimama mlangoni.

"Mwanangu, tuingize," bibi alisema.

Kabla hajajibu walikuwa wameshafika. Mmoja akauliza, "Mwinjilisti, huyu mwanamke ni mtu wako?"

Alitazama yale mapanga.

"Simjui vizuri," alisema. "Anakuja kusali tu, kama wengine."

Akarudi ndani. Tukasikia komeo.

Panga la kwanza lilimpata bibi mkononi, kwa sababu aliinua mkono kunikinga. La pili halikushuka. Mama jirani, yule aliyefiwa, alikuwa amekuja mbio nyuma yao, kichwa kimenyolewa kwa msiba, na alijitupa juu yetu wote wawili. "Aliyekufa ni mwanangu!" alipiga kelele. "Amekufa kwa homa, mikononi mwangu! Nimeshazika mmoja. Mkimuua huyu, nizikeni na mimi!" Nilikuwa chini yake, mdomo umejaa vumbi, nikisubiri. Sijawahi kusubiri kitu namna ile tena. Kisha nikasikia miguu ikiondoka.

Mjomba alikuja kutuchukua tukahamia Tinde. Mkono wa bibi ulipona umepinda, vidole viwili havikukunjika tena. Mimi niliogopa kila kitu: mbwa akibweka, mtu akibisha hodi, hata kukohoa kwa mpita njia. Na kanisa niliogopa. Bibi aliendelea kwenda. Mimi nilibaki nje, nimekaa kwenye mizizi ya mti, nikitazama viatu vya wanaoingia.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, mwinjilisti alitokea uani kwetu. Nilimwona kwanza mimi, nikaingia uvunguni. Nilimsikia akisema "Hodi, mama," sauti imekauka. Nilichungulia kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa amekonda, mikono imechubuka kwa kubeba mawe ya machimboni. Alikuwa ameacha kuhubiri. Alipiga magoti kwenye vumbi.

"Mama, nilikukana."

"Nilikusikia," bibi alisema. "Na komeo nililisikia."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Ila mimi nilikuwa nje."

Akalia. Bibi hakumzuia. Aliendelea kupepeta mtama kwa mkono mmoja mzima, ungo ukiyumba, mpaka nikadhani atamwacha pale hadi giza. Kisha akauweka ungo chini.

"Mkono unauma kila mvua ikija," alisema. "Lakini nimekusamehe. Nilimwomba Mungu anisaidie, na ilichukua muda. Inuka."

"Siwezi kusimama tena mbele ya watu, mama. Nitawaambia nini?"

"Nani amekuambia ukahubiri? Kule Mwakitolyo wapo bibi wengine wenye macho kama yangu. Nenda ukakae mlangoni kwao jioni. Wakija, kaa nje."

Kisha akaniita nilete maji ya kunawa na bakuli la michembe. Nilimimina kwa haraka, maji yakamwagika miguuni pa mwinjilisti. Hakuniangalia usoni. Alisema tu, "Na wewe nisamehe." Sikumjibu. Nilikuwa bado mtoto, na bado nilimwogopa.

Alirudi. Mama jirani ndiye aliyetuletea habari baadaye: Jumapili ya kwanza alisimama kanisani akaeleza alichokifanya, bila kujitetea, wengine wakatoka nje. Jioni ile alibeba kigoda akakaa mlangoni kwa kikongwe mmoja, kesho yake kwa mwingine. Wanaume wenye mapanga walikuja mara moja, wakamvunja taya. Hakuondoka, na yule kikongwe hakuguswa. Baadaye wanaume wengine wa kanisa wakaanza kwenda kukaa naye.

Bibi alifariki kitandani, kwa uzee. Mwinjilisti amefuata mwaka huu, ndiyo maana nilirudi, ingawa nilichelewa mazishi. Mama jirani, mzee sasa, ananiambia jeneza lilitanguliwa na vikongwe, wakitembea polepole, na hakuna aliyethubutu kuwapita.

Mji wetu haupo. Minyaa haipo, shamba la mtama halipo, na lile kanisa la udongo limejengwa upya kwa matofali. Hofu yangu ndiyo haijaondoka yote, na sidhani itaondoka. Lakini nilikwenda kaburini kwa mwinjilisti, udongo ukiwa bado mbichi, nikamjibu lile ombi ambalo sikulijibu nikiwa mtoto. Nilisema kwa sauti, "Nimekusamehe." Kisha nikaingia kanisani, nikakaa benchi la mbele.