Kioo nilikilipia, shemeji nikamufuta

Leo nimemufuta shemeji yangu kwa kalamu, yeye mwenyewe akiwa amekaa pembeni yangu.

Tulienda kutafuta asiransi, ile bima ya gari yangu ya zamani, ile niliyoinunua ikiwa mabati tu nikaitengeneza kwa jasho yangu. Siku za kawaida inabeba maharusi. Mara moja moja tunaikimbiza kwenye mashindano, mimi kwenye usukani, shemeji Bahati pembeni na daftari, akinisomea kona zinazokuja.

Mama wa biro, ofisi ya asiransi, akanionyesha bei. Nikakasirika. Miaka yote nalipa, sijagonga hata mbuzi.

Nikaanza kupunguza vitu kwenye karatasi. Wizi ubaki. Kioo cha mbele kibaki, maana hapa Goma hakipatikani tena. Nilipofika kwa “abiria, siku ya mashindano”, nikapiga mustari.

Mama akauliza: “Papa, unakimbizaka peke yako?”

“Hapana, niko na huyu shemeji.”

Akamuangalia Bahati. Akaangalia mustari. Na mimi nikauangalia.

Bahati akacheka kidogo. “Kumbe kioo iko na bei kunipita, muzee.”

Nikaomba karatasi ingine, nikamurudisha. Tofauti ilikuwa dola makumi mbili na tano. Mafuta ya siku moja ya mashindano inapita pale.

Nje nikamufungulia mlango wa gari. Akasema atachukua pikipiki mpaka kwake Katoyi.

Sasa ninamupigia, simu yangu hashiki. Mke wangu, dada yake, ameshapakua chakula na anauliza mbona mdogo wake hajafika.

Ninyi mungemujibu nini?