Mistari ya Kupapasa

Biashara ya nje iliporuhusiwa, baiskeli mpya zenye stika zilijaa Arusha, na Manase wa Ngarenaro, fundi wa kuchora mistari ya rangi kwenye fremu, akakosa wateja. Asubuhi moja Naserian alileta baiskeli kuukuu ya baba yake kutoka Nduruma.

"Shikamoo fundi. Mistari imefutika, baba anaitaka tena."

"Marahaba. Akiiona atafurahi."

"Haoni siku hizi. Huwa anaipapasa tu, akikumbuka alivyokuwa akinipakia."

Manase alichovya brashi kwenye rangi. Kisha akabana pumzi na kuivuta brashi polepole kama mtu anayeota, rangi ya dhahabu juu ya rangi, mpaka mstari ukainuka.

Kesho yake jioni, rangi ilipokauka, huko Nduruma, mzee aliupitishia kidole, akatabasamu.

"Tunateremka Tengeru," akamwambia bintiye, "na upepo ni mwingi."