Jedwali la Mafuta la Fundi Sikio

Jina la Sikio hakujipa mwenyewe. Alilipata enzi za kabureta, alipokuwa akiinama juu ya injini inayounguruma, bisibisi mkononi, macho kayafumba, akikaza skrubu kidogo na kulegeza kidogo, mpaka injini iache kulalamika na ianze kuimba. Watu waliyaleta magari yao mlangoni mwa gereji, naye akiwa ndani na kikombe chake cha chai alikuwa akisema, "Plagi ya tatu hiyo," kabla hata hajatoka kutazama. Mara nyingi alipatia. Alipokosea watu walisahau, maana ndivyo sifa zinavyomtunza mwenye nazo.

Mkewe alikodisha viti na maturubai, na viti vyenyewe vilikuwa vya chuma, si vya plastiki. Wateja wake wengi walikaa mitaa ya juu, mlimani, na pikapu yao kuukuu ilikuwa ikipanda huko kwa gia ya kwanza, inahema kama mgonjwa. "Gari hili likipanda, mimi ndiye ninayechoka," mkewe alizoea kusema. Ndipo Sikio akaamua kuipasua injini na kuiunda upya. Alitoa turbo, feni ya kuisukumia injini hewa, kwenye gari lililopinduka, akachomelea mwenyewe manifoldi ya kuishikilia, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, akafunga nozeli kubwa zaidi na pampu mpya ya mafuta. Kazi ilikuwa safi hata shemeji yake akakosa la kutania.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa mkewe, fundi pia, ila wa magari ya kompyuta. Ndiye aliyeleta boksi la kuendesha injini, lile linaloziambia nozeli zimwage mafuta kiasi gani. Akaliunganisha na laptopu, akamwonyesha jedwali lililojaa tarakimu.

"Hili ni la kuanzia tu, shemeji. Litawasha gari, basi. Usilipeleke mlimani mpaka nirudi na sensa ya kupima moshi. Bila sensa, unaendesha umefumba macho."

"Mimi nimefumba macho maisha yangu yote," Sikio akajibu, "na magari yanatembea."

Shemeji akacheka, akaenda zake. Sikio akabaki anaisikiliza injini. Aliona kama inabeba mafuta mengi, mngurumo wake mzito. Akaingia kwenye jedwali akapunguza tarakimu zote kwa pamoja, akapunguza tena, mpaka sauti ikamridhisha. Asubuhi iliyofuata wakapakia viti, wakaanza safari.

Mwanzo wa mlima ulikuwa raha tupu. Turbo ilishika, pikapu ikapaa, mkewe akapiga kigelegele. Walipofika katikati, mkewe akaacha kushangilia.

"Unasikia hiyo?"

"Ipi?"

"Hiyo. Kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo."

Sikio akainamisha kichwa. Alisikia upepo dirishani, alisikia mngurumo wa chini wa injini, basi. "Viti hivyo, vinagongana nyuma," akasema, akakanyaga mafuta. Kabla hawajafika kileleni moshi wa bluu ulikuwa umetanda barabara nzima, na gari likazimika.

Alipofungua injini alimkuta pistoni mmoja ametoboka, na wenzake wawili vichwa vyao vina vidonda vidogo vidogo, kama vimedonolewa na kuku. Vidonda vile alivijua. Injini iliyonyimwa mafuta chini ya mzigo mzito huwaka vibaya ndani, hugonga, na kugonga kwake hupiga kelele ambayo hata abiria huisikia. Abiria alikuwa ameisikia. Sikio akakaa juu ya tairi kuukuu na yule pistoni mkononi, akawa anamgeuza huku na huku muda mrefu. Injini ilikuwa imemlilia njia nzima.

Mkewe alipomletea chakula alimkuta palepale.

"Sikuisikia," Sikio akasema.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mume wangu, redio yetu jirani anaisikiliza akiwa kwake. Nikikuita nikiwa nyuma yako, ni kama nauita ukuta. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema viti vinagongana."

Walikwenda hospitali pamoja, Sikio akiwa shingo upande, na daktari akawaeleza kwamba sauti za chini bado anazipata vizuri, zile za juu ndizo zimekwenda, na hazitarudi. Miaka ya kuinamia vyuma na mashine ya kusagia chuma ilikuwa imezila. Alipewa kifaa cha kuvaa. Kilisaidia kwa maneno ya watu. Kwa injini kilimletea makelele tu, yote kwa mkupuo.

Siku nyingi alizungukazunguka gereji bila kushika spana. Mtu aliyeitwa Sikio angefanya kazi gani sasa? Mwisho akajikaza, akamwandikia shemeji yake ujumbe, kwa kuwa simu za kuongea zilikuwa zimeanza kumchosha: *Njoo na sensa yako. Njoo na subira pia.*

Shemeji alikuja na vyote viwili, na utani juu. Pistoni wapya walikwisha fungwa. Sensa ikafungwa kwenye bomba la moshi, laptopu ikawekwa juu ya boneti.

"Shemeji, jedwali hili ni nyumba ya vyumba vingi," akaanza, uso wake ameuelekeza kwa Sikio, maneno ameyanyoosha. "Mistari hii ni kasi ya injini, nguzo hizi ni mzigo inaobeba. Kila wakati gari likitembea, liko ndani ya chumba fulani. Kile kinachowaka kwenye skrini. Chumba hicho ndicho unachokirekebisha, si nyumba nzima."

"Mimi nilibomoa nyumba nzima."

"Uliibomoa ukaichoma moto. Sasa tazama tarakimu ya sensa, hewa ni mara ngapi ya mafuta. Gari likitembea taratibu bila mzigo, kumi na nne na ushee ni sawa. Likipanda mlima na turbo imeshika, nataka kumi na moja na nusu. Tarakimu ikipanda, mafuta ni haba. Ukiiona kumi na nne mlimani, mguu utoke hapohapo, hata kama nyuma kuna foleni na matusi."

Kazi hiyo ilihitaji watu wawili, kwa sababu huwezi kuendesha na kusoma kwa pamoja. Sikio alitaka shemeji aendeshe. Mkewe akachukua ufunguo. Na kweli, mguu wake ulikuwa mtulivu kuliko wa mafundi wote wawili. Aliweza kuishikilia injini kwenye kasi moja mlima mzima, kana kwamba ameweka tofali juu ya pedali. Sikio alikaa kando, laptopu mapajani, akingoja chumba kimoja kitulie. Akiongeza kidogo, tarakimu inashuka. Akipunguza, inapanda. Alijifunza kuanza na mafuta ya kuzidi kisha kushuka polepole, na kulainisha vyumba vya jirani ili gari lisirukeruke likivuka kutoka kimoja kwenda kingine. Akakuta mikono yake inaitambua kazi hiyo. Ilikuwa kazi ileile ya bisibisi, kidogo huku na kidogo kule, ila sasa ilipita machoni.

Lakini upande wa mzigo mdogo ukamshinda. Sensa ilisema mafuta ni haba. Akaongeza, ikasema bado. Akaongeza tena, siku baada ya siku, na vyumba vile vikavimba tarakimu kuliko majirani zao.

"Mbona gari linanuka petroli hivi?" mkewe akauliza.

"Skrini inasema lina njaa."

"Na pua yangu je?"

Akazifungua plagi. Zote nyeusi tititi, masizi matupu. Skrini ilidai injini ina njaa, na plagi zilidai imeshiba mpaka inatapika. Sikio akazipanga kwenye kitambaa, akazitazama. Plagi hizo angezisoma akiwa usingizini. Miezi michache nyuma asingehitaji hata kuzifungua. Ila tangu siku ya yule pistoni, Sikio alikuwa amekata tamaa na nafsi yake, na kila kilichoandikwa kwenye skrini alikipokea kama hukumu. Zamani hakuamini kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Sasa aliamini kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Hayo yote mawili yalikuwa yameiumiza injini.

Akawaza kama fundi. Sensa haidanganyi kwa makusudi. Inasema kinachopita mbele yake. Basi hewa gani inapita mbele yake isiyotoka kwenye injini? Akamwomba mkewe abane mdomo wa bomba la moshi kwa matambara injini ikiwa imewashwa lakini bado ya baridi, naye akapaka povu la sabuni kwenye maungio, moja baada ya jingine. Kwenye manifoldi, mahali alipochomelea kwa mkono wake, povu likachemka. Ufa mwembamba kama unywele. Mzigo ukiwa mdogo, hewa ya nje ilikuwa ikinyonywa pale, inaifikia sensa, na sensa inapiga kelele kwamba mafuta hayatoshi.

"Imepasuka?" mkewe akauliza.

"Imepasuka. Na ni yangu."

Akaifungua manifoldi, akaisaga ile weldi aliyojivunia, akaichomelea upya kwa kina zaidi. Kisha akakaa kurudisha chini kila chumba alichokivimbisha. Shemeji alipopata habari aliandika: *Ufa haurekebishwi kwa tarakimu. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka kulijua hilo.* Chini yake akaweka picha ya kuku anadonoa, na Sikio akacheka peke yake gereji nzima.

Siku waliyopanda mlima na mzigo kamili wa viti, mkewe ndiye aliyeshika usukani. Turbo iliposhika, tarakimu ikashuka ikatulia kwenye kumi na moja na nusu, ikabaki hapo. Sikio alikuwa akiinua macho kutoka kwenye skrini kumtazama mkewe usoni, kisha anarudi kwenye skrini. Uso ule haukukunjamana mahali popote. Walivuka pale gari lilipozimikia mara ile.

Mtaani bado wanamwita Sikio, naye anaitika. Mteja akija, humwambia wazi: "Simama hapa mbele, niuone mdomo wako." Wachache walikwenda kwa mafundi wengine. Wengi wamebaki, na gari linalogonga hulipeleka barabarani na mkewe, mmoja anasikiliza, mmoja anasoma.

Walipokwisha kushusha viti siku ile, mkewe alipangusa mikono, akaja upande wa dirisha la Sikio, akamtazama.

"Kuna vyumba vya juu huko hatujavigusa," akasema. "Kasi kubwa, mzigo mkubwa. Tukishuka, tupite ile barabara ndefu ya kiwandani."

"Umechoka, twende nyumbani."

"Nani kakwambia nimechoka? Sogea, fungua laptopu yako."