Pole kwa Ukuta

Juzi nilipita kwenye kile kipande cha ukuta wa kale wa mji huu wa ugenini tulikohamia, kimezungukwa na magari, kinanuka mkojo na mvua, na uso ukaniwaka aibu ile ile ya utotoni.

Siku ile ya ziara ya shule maman, mama yangu, alikuwa amesindikiza darasa letu, na kitenge chake kilinukia mawese. Mwalimu alipotuonyesha ukuta, maman aliweka kiganja juu ya mawe, kisha akanigeukia.

“Ambia Madame pole sana. Vita ya hapa ilikuwa mubaya.”

Nilimtafsiria mwalimu huku nikitazama viatu vyangu. Darasa zima likacheka. Mwalimu akaeleza kwa upole kwamba haikuwa vita: mji ulipokua, wenyeji wenyewe waliubomoa ukuta, na kipande hiki kilipona kwa sababu kilifichwa nyuma ya nyumba za watu.

Nikamweleza maman.

“Bon,” alisema, akiyapapasa mawe. “Kumbe nayo ilijificha kama sisi.”

Niliona anazidi kuniaibisha, nikasogea kwa wenzangu. Sikujua bado kwamba kule kwetu Bukavu, wakati wa vita, maman alijibanza nyuma ya nyumba ya jirani, mimi nikiwa mgongoni mwake, mpaka risasi ziliponyamaza.