Kumi na Sita Si Umbali

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira zake hazijanitoka hadi leo. Nakwambia mapema usije ukadhani nakukemea kwa sababu ya uzee. Nimekusikia sasa hivi kwa masikio yangu ukimwambia yule mama anayengoja idhini ya mzigo wake hapa deponi, "Subiri kidogo, mtandao unazunguka leo," na jedwali la njia hukulifungua. Hukulifungua! Basi keti usikilize, na hiyo simu iweke chini.

Nilikuwa msichana wa Bofu, nina cheti kipya na maringo mengi. Hospitali moja ndogo ya Likoni iliniajiri nitunze mtandao wake, chini ya Mzee Kombo, fundi wa simu tangu ujana wake. Mtandao wenyewe ulikuwa wa kizamani hata kwa siku zile. Rauta yetu, yaani kile kisanduku cha kuelekeza ujumbe, ilikuwa na jedwali lake, na kila mstari ulitaja mahali ujumbe unapokwenda, jirani wa kukabidhiwa, na idadi ya vituo hadi kufika. Kutoka kwetu hadi Nyali vilikuwa vitatu. Mzee Kombo alinipa kitabu cha ile rauta nikisome. Mimi nilikitumia kufunikia gilasi ya chai.

Asubuhi ya siku ile wakamleta Suleimani, kijana mpakuzi wa mizigo, mguu umepondwa na chuma. Babake, mkulima wa minazi, alikuwa amemshika mkono. Simu zilikuwa zimekufa tangu mvua ya juzi, kwa hiyo daktari wetu akaandika kwa kompyuta kumwomba daktari wa upasuaji wa Nyali ampokee. Aliogopa kumsogeza mgonjwa kabla ya kujibiwa. Jibu halikuja.

Nikafungua jedwali. Mstari wa Nyali ulisema vituo vitano. Nikatazama tena, saba. Kisha kumi na moja. Nikajiambia, kumbe ujumbe umepita njia ndefu. Ulipofika kumi na sita nikaandika kwenye daftari, "Nyali, vituo 16," nikatoka nikaenda ukumbini kama mtu mwenye habari za maana.

"Baba, njia ni ndefu leo, lakini jibu linakuja."

"Alhamdulillahi," akasema yule mzee, akakaa kwenye benchi akangoja. Ilikuwa saa tatu. Mimi nikaenda kunywa chai.

Mzee Kombo alirudi saa nane kutoka Changamwe alikokwenda kununua waya. Akafungua daftari, akasoma, na sijapata kuona mtu mtaratibu akibadilika vile.

"Kumi na sita? Nani kakufunza kusoma wewe? Hizi rauta mwisho wa kuhesabu kwake ni kumi na tano! Kumi na sita si umbali. Ni kusema hakuna ndia, ndia imekufa! Mashine imesema kweli, wewe mwanadamu ukaigeuza!"

Mlango ulikuwa wazi, na babake Suleimani alisikia yote. Wallahi, angalinipiga kofi ningalishukuru. Alisimama pale akasema polepole, "Ungalinambia hakuna ndia, binti yangu, ningalimvusha mimi. Feri ile pale."

Walimvusha. Mguu ulikatwa jioni ile, juu ya goti. Daktari wa Nyali alisema angaliuona asubuhi angalijaribu kuuokoa.

Kile kitabu nilikisoma baadaye, kwa machozi. Mnara wa mtandao wa katikati, kabla ya Nyali, ulikuwa umezimika. Rauta yetu ikasikia kwa jirani, yaani rauta iliyofuata, kwamba yeye anaijua njia ya Nyali, na jirani huyo njia yenyewe aliisikia kwetu! Wakawa wanarudishiana uvumi, kila mmoja akiongeza kituo, mpaka hesabu ikafika ukingoni. Ni umbeya wa majirani wawili, basi. Nawe unaniambia rauta ya depo yetu ni ya kizamani, haifai kupotezewa wakati. Hiyo ya kizamani ndiyo inayobeba kazi za watu! Nimekasirika, ndiyo, na nusu ya hasira hii ni yangu mwenyewe.

Suleimani sasa anashona viatu vya ngozi huko Bombolulu. Hivi nilivyovaa ni vyake. Kila nikinunua, hunikabidhi cha kushoto na cha kulia akisema, "Bi Mwanaisha, mimi hunitosha kimoja," kisha anacheka. Anacheka yeye. Mimi hadi leo sijaweza.

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kumjibu mtu kwa jambo usilolisoma. Kabla hujamwambia mtu asubiri, fungua jedwali usome mstari wote, unakwenda wapi, kwa nani, vituo vingapi, na tarakimu usiyoijua usiikisie. Kama njia hakuna, sema hakuna, hata ukiona haya, maana aliyeambiwa hakuna hutafuta njia nyingine, na aliyeambiwa subiri hukaa kwenye benchi. Yule mama bado yuko hapo nje.

Mola akupe macho ya kusoma na ulimi wa kukiri, na akuepushe na deni lisilolipika kama langu. Amin. Haya, inuka ulisome jedwali, kisha ukamwambie.